Namna Nilivyoipata Kodi ya Fa

Vijana wa bendi mlioniaga hivi karibuni mliniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitaka safari, majukwaa na majina ya bendi nilizopitia. Hayo mtayapata kwa wengine, maana wapo wengi wanaopenda kuyasimulia, na baadhi yao walikuwepo kweli. Mimi nitaandika juu ya kodi tatu tu, do, fa na so. Kujifunza hizo kulinichukua muda mrefu kuliko mambo yote niliyojifunza baadaye, na katika muda huo sikumwamini mtu hata mmoja.

Kodi, kwa wasiopiga gitaa, ni sauti kadhaa zinazolia kwa pamoja. Wakati wa Mwingereza neno hilo lilikuwa na maana nyingine, iliyowafanya wanaume wazima waingie porini jumbe akipita. Kwa hiyo tulipozungumza habari za kodi kambini tulipunguza sauti.

Nilizaliwa Sindeni, Handeni. Mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa yamefika kiunoni nilifunga nguo zangu, nikatembea mpaka upande wa Mazinde, kwenye shamba moja la mkonge. Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Nikapewa kazi ya kuanika. Majani ya mkonge yakishapita kwenye korona, ile mashine ya kuyakamua, hutoka singa mbichi zinazodondosha maji. Sisi tulizibeba na kuzitandaza kwenye waya zikauke juani. Maji yale yanawasha. Baada ya mwezi mmoja mikono yangu ilikuwa imepasuka kama udongo wa mbugani, na niliamini haitafaa tena kwa kazi yoyote ya ustadi.

Nyuma ya korona palikuwa na karakana ya seremala. Seremala mwenyewe aliitwa Fundi Zakaria, mtu wa upande wa Nyasa, mwenye umri wa kutosha kuwa baba yangu. Alitengeneza milango ya kambi na kukarabati matoroli ya kubebea mkonge. Jumapili mchana, akitoka kanisani, alikaa peke yake ndani ya karakana akapiga gitaa alilolitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya chai. Nyuzi alinunua duka la Mhindi Mombo, na uzi ukikatika aliziba pengo kwa waya wa breki ya baiskeli. Nilimsikiliza kutoka nje Jumapili tatu. Ya nne akaniita.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekuja kusikiliza au nimekuja kuuliza. Nikamwambia nataka kujifunza. Akaomba mikono yangu, akaigeuzageuza, akasema mtu aliyezoea maji ya mkonge hatalia kwa sababu ya uzi.

Juma la kwanza hakuniruhusu kupiga. Kazi yangu ilikuwa kuweka vidole mahali pa kodi ya do, kuviinua, kuviweka tena. Alitaka vitue kwa pamoja, sio kimoja kimoja kama wazee wanaotafuta pa kukaa msibani. Yeye alinishika vidole akavibana kwenye nyuzi kimoja baada ya kingine. Vilipoanza kutua akanipa kodi ya so. Kisha akaanza kugonga meza kwa mpini wa nyundo, mara nne nikiwa kwenye do, mara nne nikiwa kwenye so, kurudi do. Niliposimama kutafuta kidole kilichopotea alinikemea.

"Mkono wa kushoto ukichelewa, uache uchelewe," alisema. "Wa kulia haumngojei mtu."

Hilo nililibeba maisha yangu yote, na ninyi mnaopenda kusimamisha wimbo ili mrekebishe kosa, litafakarini. Msikilizaji husamehe kodi mbaya. Hasamehi wimbo uliosimama.

Kila siku baada ya kazi, jua likiwa bado juu ya milima, nilikwenda karakana tukafanya nusu saa. Do, so, do. Vidole viliuma, vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Miezi mitatu ilipita hivyo na nilikuwa na furaha. Halafu Fundi akabadilika.

Kwanza aliacha kunishika vidole. Alihamisha kigoda chake akaketi upande wa pili wa meza, akawa ananielekeza kwa mdomo tu. Kisha akanikataza kugusa gitaa lake. Alinitengenezea jingine dogo, akanikabidhi bila kunitazama, akasema hilo ni langu na lake lisiguswe na mtu. Mwingine angeshukuru. Mimi nilijiuliza kuna nini katika lile lake ambacho hataki nikione.

Na palikuwa na habari ya fa. Mnajua wenyewe kwamba do na so peke yake haziendi mbali. Nyimbo nyingi zinataka kupita fa katikati, ndipo zirudi nyumbani. Nilipomwomba anionyeshe, alijibu bado. Mwezi uliofuata akajibu bado. Yeye mwenyewe aliipiga vizuri, nilikuwa naisikia, lakini kila alipoifikia aligeuza kiti akaangalia ukuta, na mimi nikabaki na mgongo wake.

Rafiki yangu mkubwa pale shambani alikuwa Rajabu, kijana wa Manundu, Korogwe, aliyefanya kazi chumba cha brashi, ambako singa kavu husafishwa. Yeye alipiga kodiani. Tulikuwa tumepanga kuunda kikundi, na tayari alikwishawaahidi ndugu zake kwamba tutapiga kwenye harusi Korogwe baada ya mavuno. Nyimbo zote alizozijua zilipita fa. Kila tulipofika hapo yeye aliendelea mbele na mimi nilibaki kwenye do kama mtu aliyeachwa na treni.

Nilipomweleza Rajabu kuhusu ule mgongo, alisema wazi kwamba nafichwa. Wazee wa namna ile, alisema, hukupa mbili katika tatu ili ubaki mwanafunzi mpaka ufe. Nikaanza kumchunguza mwalimu wangu.

Siku moja alikuwa akichemsha gundi ya mbao katika kopo. Kopo lilikuwa jekundu kwa moto upande wa chini. Alilishika kwa mkono wa kushoto akalitoa motoni, akamimina gundi taratibu, akalirudisha. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua. Yeye hakukunja uso. Siku nyingine alimaliza kupiga nikaona damu kwenye shingo ya gitaa, na damu ikitoka kwenye kidole chake, naye alikuwa akinieleza jambo la nyuzi kwa sauti ile ile. Nilipomwonyesha, alikitazama kidole kama cha mtu mwingine, akakifunga kitambaa, akaniambia niende zangu.

Mimi nimetoka Handeni. Kwetu mtu asiyesikia maumivu hatuchukulii kwamba ana bahati tu. Nikaanza kuamini kwamba Fundi ana dawa, kwamba ile fa yake imefungiwa ndani ya dawa hiyo, na kwamba ndiyo maana gitaa lake haliguswi.

Jumapili iliyofuata sikuingia. Nilizunguka nyuma ya karakana, mahali ambapo mbao mbili zilikuwa zimeachana, nikaweka jicho. Alikuwa peke yake na ameelekea upande wangu. Aliipiga fa, na nikaona. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekunjwa kiganjani, kama vya mtu aliyeshika kitu kidogo asichotaka kianguke. Alibana nyuzi kwa vidole viwili vilivyobaki na kidole gumba alichokipitisha juu ya shingo ya gitaa. Alipomaliza wimbo aliweka gitaa chini, na vile vidole viwili havikufunguka.

Nikaenda moja kwa moja kwa Rajabu nikamwambia Fundi ameshika hirizi. Rajabu alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

Kesho yake niliingia karakana bila gitaa. Fundi alikuwa akipiga randa ubao. Nilimwamkia, maana hata katika ujinga wangu sikusahau hilo, kisha nikamwambia nataka kuona anachoficha kiganjani.

Aliweka randa chini. Halafu akaweka mkono wa kushoto mezani, akaushika kwa ule wa kulia, akavivuta vile vidole viwili kimoja kimoja. Vilifunguka nusu. Alipoviachia vikarudi. Kiganjani hapakuwa na kitu.

"Hapo ndipo mwisho wake," alisema. "Umeridhika?"

Juu ya kiwiko, mahali ambapo shati lilikuwa limepanda, niliona baka lililofifia, lisilo na jasho ingawa mkono mzima ulikuwa umelowa. Nililijua baka lile. Mjomba wa mama yangu alikuwa nalo, na alijengewa kibanda nje ya kijiji, akawekewa chakula njiani mpaka alipokufa. Nilijua jina la ugonjwa na nadhani yeye aliliona likipita usoni mwangu.

Nilikimbia. Sitaki kulipamba neno hilo. Nilikimbia mpaka mferejini nikajisugua mikono kwa mchanga, mikono aliyoishika miezi mitatu. Kisha nikamweleza Rajabu kila kitu, nikamwapisha asiseme.

Siku ya pili yake, kabla ya saa sita, lori lilisimama mbele ya zahanati ya shamba. Dresa, yule aliyetufunga vidonda na kutugawia kwinini, alitoka na Fundi Zakaria akiwa amebeba sanduku moja. Fundi alipanda nyuma peke yake. Watu wa kambi walitazama kwa mbali. Lori lilipoondoka walichoma mkeka wake na kigoda chake, na gitaa la masanduku ya chai likarushwa juu ya vitu hivyo. Nyuzi zilikatika motoni moja moja, na kila mmoja ulilia.

Watu watatu tu walijua siri ile, nami sikusema. Nilimfuata Rajabu chumba cha brashi, mbele ya wenzake, nikamwambia ni yeye. Hakukana wala hakujitetea. Alitua mzigo wa singa aliokuwa ameubeba, akatoka, na mwisho wa mwezi akachukua kodiani yake akarudi Korogwe. Nilichukua kimya chake kuwa ni kukiri. Harusi ya ndugu zake ilipita bila gitaa.

Kambini nikabaki kuwa mwanafunzi wa mkoma. Nilipoketi, benchi liliongezeka nafasi. Dresa alinipima, akanipitishia pamba mgongoni na mikononi nikiwa nimefumba macho, akasema sina kitu. Sikumwamini. Nilidhani ananituliza mpaka lori jingine lije.

Niliendelea na gitaa langu dogo kwa sababu sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Do, so, do, nikijigongea mguu chini badala ya mpini wa nyundo. Nilipiga sana, kuliko nilivyowahi kupiga nikiwa na mwalimu. Na jioni moja, nikiwa nashona suruali, sindano ilinichoma ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na sikusikia.

Nilikaa nikitazama sindano imesimama kwenye ngozi. Nikaichoma kwenye kidole cha kati. Sikusikia. Cha pete, vivyo hivyo. Vya mkono wa kulia vilisikia vizuri. Ni mkono wa kushoto tu, mkono ule ule kama wa Fundi.

Tangu siku hiyo nilijichoma kila asubuhi kabla ya kwenda kuanika. Niliacha kula na wengine. Sikwenda kwa dresa, kwa kuwa nilikwisha kuona dresa anavyofanya kazi. Majuma matatu niliishi hivyo, nikijipapasa mwili mzima kutafuta baka. Mwisho nikaomba ruhusa ya siku nne, nikasema nimefiwa Sindeni, nikapanda lori kwenda kwenye ile kambi ya wagonjwa alikopelekwa. Nilichukua gitaa. Nilijiambia kwamba nikikutwa nao, basi huko huko nitabaki, na heri niwe na kitu cha kufanya.

Nilimkuta Fundi Zakaria ameketi nje ya nyumba ya bati akichonga mwiko. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinionyesha benchi, mwenyewe akaketi kwenye jingine, hatua tano mbali. Alisema wanapewa vidonge kila juma, na baka limeanza kurudi rangi. Sikusikiliza. Nilitoa sindano mfukoni nikamwonyesha, nikijichoma kidole baada ya kidole, nikamwambia nami tayari nimeupata.

Aliniuliza kama nimeacha kupiga gitaa. Nikasema hapana, napiga kila siku, saa moja, saa mbili. Ndipo akainama, mabega yakitikisika, na kwa muda nilidhani analia.

"Hizo ni sugu, Athumani," alisema. "Kila mpiga gitaa anazo. Jichome nyuma ya mkono. Jichome pembeni, kwenye kidole kidogo."

Nikajichoma pembeni. Niliruka. Nikajichoma tena mahali pengine, na pengine, mpaka damu ikatoka sehemu nne, na kila mahali paliuma, na mimi nilikuwa nalia kwa furaha ya kuumia.

Alipoona nimetulia nilimwambia kwamba Rajabu ndiye aliyemchongea kwa dresa, na kwamba nimevunja urafiki naye. Alishangaa. Akasema hakuna aliyemchongea. Asubuhi baada ya mimi kukimbia, alikwenda mwenyewe kwa dresa, akavua shati.

"Nilijua tangu mwaka uliotangulia," alisema. "Nilidhani nikikaa mbali na watu itatosha. Halafu ukaja wewe, nikakushika vidole miezi mitatu kabla sijapata akili. Ulipokimbia nilisema, basi, huyu ameona. Nikae nisubiri nini?"

Nilimuuliza kwa nini hakunifundisha fa. Akasema ile yake imepinda, ameitengeneza kwa vidole alivyobakiwa navyo, na hakutaka niichukue kwake nikaipeleka mbele ya watu. Iliyo sawa asingeweza kunionyesha bila kunishika.

Basi tukafanya hivi. Yeye alibaki kwenye benchi lake, mimi kwenye langu, akanieleza kwa mdomo. Kidole cha shahada kilale kibane nyuzi mbili za chini. Cha kati uzi unaofuata, hatua moja mbele. Cha pete uzi wa juu yake, hatua moja zaidi. Bana. Kaza kiwiko kiingie ndani. Ilitoka sauti ya kopo. Tena. Sauti ya kopo. Wagonjwa wawili watatu walitoka nje kutazama, na mmoja wao, mama mmoja mtu mzima, akasema kwa upole kwamba labda gitaa ndilo linaloumwa. Ilikaribia saa kumi ndipo nyuzi zote zililia safi. Nikazipanga, do, fa, so, nikarudi do. Fundi aligonga benchi kwa mwiko wake, mara nne, mara nne, na hakunikemea.

Nilirudi kwa njia ya Korogwe. Rajabu alikuwa akipakia marobota ya mkonge stesheni. Nilimsubiri amalize, nikamweleza yote, tangu sindano mpaka maneno ya Fundi, nikamwomba radhi. Nilimuuliza kwa nini hakukana siku ile.

"Nilidhani ni wewe," alisema. "Nikaona unanipakazia mimi ili ujisafishe. Sasa nikubishie nini mtu wa namna hiyo?"

Kisha akajikuna kichwa, akasema kuna tatizo. Mwaka mzima alikuwa amewaambia watu wa Manundu, nyumba kwa nyumba, kwamba mwenzake wa Sindeni alimuuza mwalimu wake kwa dresa. Itabidi azunguke tena. Na alizunguka kweli, kodiani begani, akiwaeleza. Mwisho wa mzunguko huo tulikuwa na kikundi, na mwaliko wa kupiga harusi mbili.

Fundi Zakaria alitoka baada ya miaka miwili hivi, na barua ya daktari yenye mhuri. Alihamia Makuyuni akafungua karakana ya vigoda na magitaa. Wapo wateja waliopokea gitaa kwake kwa kitambaa. Mimi na Rajabu tulikula naye sahani moja kila tulipopita, na tulipita mara nyingi, mpaka tulipomzika. Vidole vyake havikunyooka. Fa yake iliyopinda nilimwomba mwishoni anifundishe, na ninyi mmeniona nikiipiga mkadhani ni ubovu wa uzee.

Juma lililopita, baada ya ile hafla yenu ya kuniaga, nilikwenda Manundu kwenye matanga ya dada yake Rajabu. Rajabu mwenyewe alitangulia zamani. Bibi mmoja mkongwe, jirani yao, aliomba aletwe nilipoketi. Nilimwamkia. Akasema amenisikia redioni miaka mingi, mkono wangu ni mzuri, lakini nililomtendea yule mwalimu wangu halikuwa jema.

Nikamsogelea, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, nikamweleza taratibu tangu mwanzo, habari ya vidole, ya lori, ya kambi, na jinsi Fundi alivyokwenda mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa.

"Ndivyo alivyosema Rajabu naye," alisema. "Neno kwa neno. Mlipatana vizuri la kusema."